Akiba ya Kumi na Mbili

Hakuna jambo linaloweza kunishangaza mimi. Wanaonifahamu wanajua, na wasionifahamu nawaambia sasa. Nimeingia nchi hii na begi moja lenye zipu mbovu, na leo nina matrekta tisa, yadi yangu mwenyewe yenye geti la umeme, na wafanyakazi wanaoniita bosi kwa lugha nne. Viwanja vingi vya mpira ambavyo watoto wa London wanachezea Jumapili, nyasi zake nimekata mimi, au amekata mtu niliyemfundisha mimi. Nimeendesha trekta katikati ya mabasi mekundu, abiria wakinipiga picha kama twiga aliyetoroka. Na darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa. Kwa hiyo mtu akinijia na habari, huwa namwacha aimalize kwa adabu tu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimekaa, mguu juu ya mguu, siku tuliyotoka kumchoma Mzee Kanti kama dini yake inavyotaka. Tulikuwa sebuleni kwake Queensbury, sahani ya wali na dengu mapajani, mimi nimevaa suti nyeusi wakati wenyewe wote wamevaa nyeupe.

Mzee Kanti alikuwa Mhindi wa Mwanza. Alizaliwa kule, akakulia kule, na mpaka anakufa alikuwa akinisalimu asubuhi kwa Kisukuma, “Mwangaluka!”, mimi ambaye si Msukuma, na ananisubiri mpaka niitikie. Ndiye aliyenipa kazi ya kwanza ya maana katika mji huu. Mjane wake, Mama Hansa, alikuwa anapita na bakuli la achari ya ndimu, anatutazama watu wa Tanganyika, kama anavyotuita, tusije tukasema hatukushiba. Kushoto kwangu alikaa shemeji yangu Elia, kaka wa mke wangu. Kulia binti yangu Tumaini, aliyezaliwa hapa, anayesikia Kiswahili chote, hata kile cha kusengenya, lakini kukujibu anakujibu kwa Kiingereza. Akauliza kwa lugha yake hiyo, huyu babu wa Kihindi alikuwa nani kwetu hasa, mbona baba analia? Mimi sikuwa nalia, ni ile achari. Elia akapangusa mdomo, akamwambia, “Huyu ndiye mshenga wa baba yako. Bila huyu, wewe usingekuwepo.” Tumaini akacheka, akadhani ni utani. Nikasema moyoni, hapana, hili lazima niliandike, maana mwaka ule ndio ulionitengeneza, na wengine wanaujua kwa uvumi tu.

Nilikuwa kijana, naishi Kilburn, chumba cha juu ya duka la mizigo ya kutuma nyumbani. Chumba kilikuwa na vitanda viwili na sisi watu watatu. Wafula, Mkenya wa Bungoma, alikuwa mlinzi wa usiku, kwa hiyo yeye na mimi tulikuwa na kitanda kimoja kisichopoa. Mimi naamka, yeye analala. Asubuhi tulikutana mlangoni, mimi nakwenda na yeye anarudi, na hapo ndipo tulipoongea mambo yote ya maisha, kwa dakika chache, mmoja kavaa viatu na mwingine anavivua. Chakula kilikuwa ugali na samaki wa kopo, tukiwaunga na nyanya na bizari nyingi ili chumba kisinuke unyevu. Nilikuwa naosha vyombo hotelini, vidole vimenyauka kama vya mzee. Wafula ndiye aliyeniambia, “Festo, wewe si ulisema ulikuwa dereva wa trekta huko kwenu? Kuna Mhindi wa Queensbury anakata nyasi za viwanja, anatafuta dereva. Lakini ukienda usiseme mengi, wewe una mdomo.” Nilikwenda, na nilisema mengi. Nilimwambia Mzee Kanti kwamba katika mashamba ya ngano ya Hanang, trekta nililianza kabla sijaota ndevu, na kwamba nikilisikia likinguruma, najua lina mafuta kiasi gani tumboni. Akanitazama juu ya miwani yake. “Kwa masikio?” Nikasema kwa masikio. Akamwita msimamizi wake aje amsikie mtu huyu.

Msimamizi ndiye Elia. Elia ni mtu wa Njombe, alisoma chuo cha kilimo, mtu mrefu, kola imefungwa mpaka kifungo cha juu hata juani. Siku ile ile ya kwanza alinipandisha kwenye trekta moja la bluu, la zamani, akanionyesha geji ya mafuta. “Unaiona F? Unaiona E? E maana yake nini?” Nikamjibu kama tulivyokuwa tukijibizana madereva wote wa Hanang: “E maana yake Endelea.” Mzee Kanti alicheka mpaka akashika tairi. Elia hakucheka. Akasema, “Huko kwenu ni Endelea. Hapa E maana yake Elia. Mshale ukifika hapo, unakutana na mimi.” Sheria yake ilikuwa kwamba mshale ukigusa robo, unarudi yadi, hata kama umebakiza mstari mmoja. Na alikuwa na sababu, nampa haki yake. Trekta la dizeli si pikipiki. Likikauka mafuta linavuta hewa, na hewa ikishaingia kwenye mabomba, hata ukilijaza pomoni haliwaki. Unaanza kufungua nati, unasukuma pampu kwa mkono, dizeli inakurukia machoni, mpaka hewa yote itoke. Kiwanjani, mvua inanyesha, watu wa klabu wamesimama wanakuangalia, ni aibu tupu.

Lakini mimi sikupenda kuambiwa na geji. Geji ni ya mtu asiyelijua trekta lake. Wakati wa baridi, nyasi hazioti, kazi ilikuwa kupaka grisi na kufagia yadi, nikamwomba Mzee Kanti ruhusa nilikaushe lile la bluu makusudi. Akaja kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, anatazama kama yuko sinema. Nililiacha linguruma mpaka likakohoa likazima. Kisha nikachukua dumu la lita tano nikaanza kulilisha. Dumu la kwanza, mshale haujali. La pili, hivyo hivyo. La tatu, Mzee Kanti akasema, “Geji imekufa hii.” La nne likaisha, nikamimina kidogo tena la tano, ndipo mshale ukatikisika, kama mtu anayeamshwa hataki. Nikajua. Lile la bluu likisema tupu, bado lina lita ishirini na mbili hivi. Hapo sihesabu zile za chini kabisa, kama tatu, ambazo bomba halizifikii, zinabaki na uchafu wake. Nikachonga kijiti cha mti, nikatia alama kwa kisu, kila dumu alama yake. Halafu nikatoa hewa yote nikaliwasha. Na nawaambia wenye matrekta wanaosoma hapa, msije mkachukua hesabu yangu mkaenda nayo kwenu. Nimemiliki mengi tangu hapo, na kila moja nimelipima hivyo hivyo. Kuna moja likisema tupu, ni tupu kweli, lina lita za kufika getini tu. Jingine ningeweza kulima nalo mpaka jioni. Rizavu ya trekta, yaani akiba yake, haiandikwi popote, unaitafuta mwenyewe. Elia aliona kile kijiti kimening'inia kwenye usukani, akasema, “Mganga wa kienyeji amefika,” akaenda zake.

Sasa huyu Elia alikuwa na dada yake, Neema, anaishi naye Woolwich, anahudumia wazee majumbani. Nilimwona kwenye kipaimara cha mtoto wa Elia, nyumba imejaa watu, viti vya kukodi mpaka kwenye ngazi. Yeye ndiye aliyekuwa anagawa pilau, na alinipakulia nyama nyingi kuliko walionitangulia kwenye foleni. Mwingine angesema ni bahati, mimi najua mtu akinipenda. Tukaanza kuongea kwa simu, kisha tukakutana sokoni Woolwich, yeye akichagua ndizi za kupika na mimi nikibeba mfuko. Ilipofika masika ya huku, nyasi zimeanza kupanda, nilimwambia Elia waziwazi, tumeegemea trekta, kwamba nataka kumposa dada yake. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. “Festo, wewe ni dereva mzuri. Lakini huna akiba.” Nikamuuliza akiba gani. “Ya aina yoyote. Ukipata unakula, ukikosa unacheka. Unaishi mshale umelala. Mimi dada yangu simpandishi kwenye gari la namna hiyo.” Neno lile lilinikaa shingoni kama mwiba wa samaki. Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Mzee Kanti, nikamwomba awe mshenga wangu. Wafula akasema nimechanganyikiwa, mshenga Mhindi umeona wapi? Lakini fikiria. Elia alikuwa anamheshimu, ni bosi wake. Anajua Kiswahili kuliko mimi. Na tangu utoto alikuwa dukani, nani atamshinda kwa kupatana bei? Mzee Kanti alifurahi mpaka akanunua tai mpya.

Siku ya posa ikawekwa Jumamosi. Kwa desturi mwoaji haendi, unakaa mbali unang'ata kucha wenzako wakikusemea. Mimi sikupata hata nafasi ya kung'ata. Wiki nzima mvua ilikuwa imenyesha, na uwanja mmoja mkubwa wa kriketi, wenyewe wanacheza Jumapili asubuhi, ulikuwa haujakatwa. Wale wa klabu walikuwa wameshamwambia Mzee Kanti kwamba wakikuta nyasi zimepita soli ya kiatu, msimu wote wanampa mtu mwingine. Kwa hiyo yeye na Elia waende Woolwich, yeye upande wangu na Elia upande wa mwanamke, mimi nikate. Trekta nilikuwa nimeliacha uwanjani jana yake, nikapanda basi asubuhi moja kwa moja mpaka kule, kijua kimetoka, nyasi zinang'aa. Nikawasha, nikaanza mistari yangu, naimba. Sijamaliza hata theluthi, nikaangalia chini. Mshale ulikuwa umelala kwenye E kama mbwa mbele ya jiko.

Mtu atasema, si ungerudi yadi ukajaze? Sikiliza sasa. Tangi la dizeli la yadi lilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli Mzee Kanti alikuwa anautembeza kwenye mkanda wake pamoja na funguo nyingine kama askari jela. Ufunguo ulikuwa umekaa kwenye sofa Woolwich, unaniposea mke. Basi ungenunua kituo cha mafuta? Kwa fedha ipi? Kila nilichokuwa nacho nilikitia kwenye bahasha ya posa, na bahasha ilikuwa imekaa juu ya kitambaa cha kufumwa kwenye meza ya Elia. Mfukoni nilibaki na nauli. Nikatoa simu nimpigie Mzee Kanti. Nikaifikiria. Anapokea mbele ya Elia, nasema nini? “Mzee, mshale umelala, niletee mafuta”? Siku hiyo, saa hiyo, mbele ya mtu aliyeniambia huna akiba? Hapo posa ingekwisha bila hata ya soda kufunguliwa. Na nisipopiga, likinizimikia katikati ya uwanja, Mzee Kanti amepoteza klabu, mimi nimepoteza kazi, na Elia amepata la kusema mpaka kiama. Nikarudisha simu mfukoni. Nikachukua kijiti changu, nikakizamisha tangini, nikakisoma. Nikaendelea.

Niliendesha siku ile kama ninavyowafundisha vijana wangu leo na hawanielewi mpaka nikae mwenyewe. Mashine ile ya kukatia iliyovutwa nyuma, visu vyake vilizungushwa na magurudumu yake yenyewe, si na injini. Maana yake huna haja ya kuiungurumisha injini, unapanda gia ya juu, unashusha moto wa injini mpaka trekta linasema kwa sauti ya chini kama mzee anayesali, na visu vinakata vilevile. Uwanja ulikuwa na mwinamo kidogo upande wa miti. Nilipanga mistari ili lile bomba la mafuta liwe upande wa chini kila ninapokwenda, dizeli ijikusanye pale. Nilipokuwa napumzika kugeuza, nazamisha kijiti. Wingu likaanza kujikusanya. Mzee mmoja wa klabu alikuja na mwavuli, akasimama kwenye kibanda chao, akaninyooshea kidole gumba. Nikamnyooshea changu. Angejua.

Saa sita hivi simu ikatetemeka kifuani. Ilikuwa Mzee Kanti. Sikuthubutu kuzima injini, nani anajua kama itawaka tena, nikapokea hivyo hivyo, nimeziba sikio moja. Sauti yake ilikuwa inatokea mbali, kama yuko ndani ya mtungi. Alikuwa ameniweka kwenye spika, wote wananisikia, lakini mimi hilo sikulijua. Akasema kwa sauti yake ya heshima, “Festo, samahani kukukatiza. Elia hapa anauliza, akiba yako imefikia kiasi gani?”

Nikasema, amejuaje? Nani kamwambia? Yule mzee wa mwavuli? Halafu kiburi kikapanda, kile kile kilichonitoa Hanang kikanifikisha hapa. Nikapiga kelele, “Mwambie Elia kumi na mbili! Kumi na mbili zipo!”

Mzee Kanti polepole, “Kumi na mbili?”

“Kumi na mbili kamili, nimepima mwenyewe sasa hivi! Mwambie asiwe na wasiwasi, mimi si mtu wa kuangalia mshale! Na zinatosha kumaliza shughuli yote!”

Nikasikia kijiko kinagonga kikombe. “Haya, mwanangu,” akasema Mzee Kanti. “Tumekusikia.” Akakata.

Yaliyotokea chumbani kule nilisimuliwa na Neema, aliyekuwa jikoni anajifanya anakaanga sambusa, jiko limezimwa ili asikie vizuri. Walikuwa wamekaa Elia, baba yao mdogo aliyetoka mji mwingine kwa treni, na Mzee Kanti na tai yake mpya. Mambo yalikuwa yamekwama. Baba mdogo alikuwa anasema wanafunzi na waosha vyombo London ni wengi, huyu kijana ana akiba gani hata aweke nyumba? Elia akauliza hilo hilo, Mzee Kanti akaona badala ya kubishana, niulizwe mwenyewe. Na niliposema kumi na mbili kwa sauti ile, na injini inanguruma nyuma kama kiwanda changu, baba mdogo aliitema soda kwenye kitambaa. “Elfu kumi na mbili? Dereva wa trekta?” Neema anasema Mzee Kanti alishika mkanda wake, mahali pa funguo, akazipapasa moja moja, akatabasamu kidogo, akasema, “Mimi nimesikia alichosema, nanyi mmesikia. Kijana huyu sijawahi kumkuta anapima kitu vibaya.” Na hakuongeza neno. Mnaona mshenga huyo? Kila alilosema ni kweli tupu. Elia muda wote alikuwa ameinamisha kichwa, kama bado anasikiliza kitu. Kisha akainua kichwa akasema, “Kama ndivyo, nusu yake kwa mahari haitamuumiza.” Neema anasema sambusa zilimponyoka.

Nilimaliza uwanja mvua ikianza kudondoka. Sikujitapa kwa mtu, hakukuwa na mtu. Nililisogeza la bluu mpaka pembeni ya kibanda, likiwa bado linanguruma, nikazima kwa mkono wangu mwenyewe, halikunizimikia. Nikakaa juu yake nimelowa, nafurahi. Jioni jioni nikaona gari la Mzee Kanti linaingia. Akashuka na suti yake, akafungua buti, akatoa dumu la dizeli. Hakuuliza kama nalihitaji. Tukamimina, yeye ameshika faneli ili tai isilowe. Ndipo akaniambia, “Hongera. Umekubaliwa. Na tena wewe ni tajiri.” Akanieleza. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Katika benki, nikikutajia kilichokuwemo, utaniombea. Akaniuliza, sasa hivi ana nguvu ya kurudi Woolwich, arudi akawaambie zilikuwa lita? Nilitazama ule uwanja. Mistari yangu ilikuwa imenyooka, mmoja wa kijani mzito na mmoja mwepesi, mpaka kwenye miti. Nikamwambia, “Mzee, wamesema kiasi gani?” Akanitajia. Nikamwambia, “Usirudi. Nipe kazi ya Jumapili pia.”

Neema nilimwambia kesho yake, sikutaka kuanza na deni la maneno kwa mke. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, watu wa soko wanampita na vikapu. “Mimi nilijua,” akasema. “Mtu mwenye elfu kumi na mbili hawezi kuvaa viatu hivyo.” Halafu akaniuliza kama nitaweza. Nikamwambia aniulize lingine.

Na niliweza. Mwaka ule sikujua Jumapili inafananaje. Nilikata nyasi za Mzee Kanti mchana, jioni nikaosha mabasi kwenye gereji yao, na kitanda kile cha Kilburn kikawa cha Wafula peke yake, maana mimi sikukipa muda wa kupata joto. Wafula aliniambia, “Festo, sasa wewe ndiye unaishi mshale umelala,” nikamwambia huo mshale wangu naujua mwenyewe. Wakati wa baridi, wenzangu wakikaa, nilizunguka kwenye vilabu nikitengeneza mashine zao za nyasi, na hapo ndipo watu wakaanza kunipigia mimi badala ya kampuni. Mzee Kanti alijua, hakununa. Alisema, “Kijana akianza kuitwa kwa jina lake, muuzie trekta kabla hajanunua kwa mwingine.” Akaniuzia lile la bluu. Mahari nilipeleka bahasha kwa bahasha, kila moja Mzee Kanti anaibeba mwenyewe mpaka Woolwich, anavaa tai. Na mwisho nililipa yote. Kuna wanaume wakubwa hapa mjini, wana digrii, wana nyumba mbili, mpaka leo mahari wanadaiwa. Mimi sidaiwi hata uzi.

Basi tulipokuwa tunakula dengu zile nyumbani kwa marehemu, nilikuwa namsimulia Tumaini habari hii kama mlivyoisoma, natamba, watu wa pembeni wameanza kusogeza viti. Nilipofika pale pa spika, Elia akaweka kijiko. “Shemeji,” akasema, “unadhani mimi sikujua?”

Nikamwambia ajue nini.

“Trekta lile nimelitengeneza kwa mikono yangu. Nililisikia kwenye simu. Lilikuwa gia ya juu, moto wa chini kabisa. Mtu hakati nyasi hivyo ila amebakiwa na kidogo. Na Mzee hapo mbele yangu ana ufunguo wa tangi kiunoni.” Akamtazama Tumaini, si mimi. “Nilijua ni lita kabla baba mdogo hajafuta mdomo.”

Sebule nzima ikanitazama. Na mimi, niliyekaa mguu juu ya mguu, niliushusha. Nikamuuliza, kama ulijua, kwa nini ulikubali? Na kwa nini ulitaja fedha yote ile?

“Nilitaja ili uje useme hunazo,” akasema Elia. “Ungekuja ukasema, ningekupunguzia, nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka nione tu utafanya nini ukibanwa. Nikangoja wiki. Nikangoja mwezi. Badala ya wewe naona bahasha inakuja.” Akachukua tena kijiko. “Ya pili ilipokuja nilimwambia mke wangu, huyu tumempata, tusimguse.”

Tumaini akasema kitu kwa Kiingereza, kwamba sisi wote ni wendawazimu, na machoni mwake nikaona ananitazama kama mtu anayeliona gari la baba yake kwa mara ya kwanza. Mama Hansa, aliyesimama na achari yake na kusikia yote, akasema Kanti naye alikuwa amemwambia usiku ule ule, na walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kwa hiyo alijua Kanti, alijua Elia, walijua wake zao, alijua Neema. Mji mzima ulijua isipokuwa baba mdogo, na mimi tu ndiye sikujua kwamba wanajua. Nikamgeukia Elia, nikamwambia mbele ya watu wote, tena kwa sauti, kwamba hata angenipunguzia nisingekubali, maana mke wangu si wa bei ya kupunguzwa. Akanipa mkono wake mrefu, nikaushika.

Vijana wangu wa yadi huniuliza, bosi, trekta likisema tupu linabakiwa na kiasi gani? Nawajibu pima mwenyewe, ukishapima ulisimamie ulilolitaja. La kwangu nililitaja kwa kelele juu ya injini, watu wazima wakanisikia, nikalisimamia. Mahari, na mkaja wa mama, na blanketi la bibi, na koti la mjomba, vyote pamoja, mpaka bahasha ya mwisho: pauni elfu sita, mia nne na ishirini.